Timbo lililokwisha mawe bado ni shamba

MWENYE shamba wa Kilifi au Kwale anapokodisha kipande chake kichimbwe mawe ya kujengea, hesabu yake kwa kawaida huishia siku lori la mwisho linapoondoka. Kinachobaki ni timbo: sakafu ya mawe meupe isiyo na udongo, yenye joto kali mchana na madimbwi ya mbu wakati wa mvua. Wengi huliacha liwe jaa la taka. Hiyo ni hasara, kwa sababu ardhi hiyo imelipa mara moja tu ilhali ingeweza kuendelea kulipa.

Mfano wa kinachowezekana uko Bamburi, kaskazini mwa jiji la Mombasa. Kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji huko mwaka wa 1954, na kwa miaka mingi kikachimba mawe ya matumbawe hadi karibu na usawa wa maji ya ardhini, ambayo yana chumvi kiasi. Mwaka wa 1971, Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, alianza kujaribu kuotesha miti katika machimbo yaliyokuwa yameachwa. Alipanda aina 26. Tatu tu ndizo zilizostahimili: mvinje, mnazi na mti mmoja ambao asili yake ni upande wa Somalia.

Hapo ndipo somo la mkulima linapoanzia. Miti iliyokataa haikulazimishwa. Mvinje ndio uliopewa uwanja, kwa kuwa huvumilia chumvi na mizizi yake huishi na bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuulisha mti. Kwa lugha ya biashara, ni mti unaokuja kazini na mbolea yake mwenyewe.

Baada ya muda ukazuka mkwamo. Majani ya mvinje, yaliyo membamba kama sindano, yalianguka na kurundikana bila kuoza, kwa sababu yana kemikali ambayo viumbe wengi waozeshaji hawaiwezi. Bila kuoza hakuna mboji, na bila mboji hakuna mti mwingine utakaoota. Pengo hilo lilizibwa na jongoo, yule mkubwa mwenye miguu myekundu ambaye watoto wa Pwani humchokoza kwa kijiti ili ajikunje. Jongoo waliletwa kwa wingi, wakala majani hayo, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria waliomalizia kazi. Udongo ukaanza kujengeka juu ya mwamba. Hakuna pembejeo ya dukani ambayo ingefanya kazi hiyo kwa bei hiyo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Miti mingine ikaingizwa chini ya kivuli, wakafuata ndege na wanyama. Samaki aina ya tilapia walifugwa, na maji yao yenye kinyesi yakaelekezwa kwenye mimea. Kulikuwa na mamba na hata pofu wa kufugwa. Sehemu hiyo ilifunguliwa kwa umma mwaka wa 1984, na mwaka wa 1987 Haller alitunukiwa tuzo ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Leo inaitwa Haller Park. Wageni wengi waliifahamu kupitia Owen, kiboko yatima aliyefanya urafiki na kobe Mzee baada ya tsunami ya Desemba 2004, na huenda wengi wao walipita juu ya jongoo bila kuwatazama.

Ni kweli kwamba Haller alikuwa na kampuni kubwa nyuma yake, na mwenye ekari mbili hana. Lakini mpangilio wenyewe haudai mtaji mkubwa. Kinachoudhoofisha zaidi ni haraka ya fedha. Nguzo za mvinje zina soko la ujenzi Pwani, na mkulima anaweza kuanza kuvuna baada ya takriban miaka minne au mitano. Akifyeka yote kwa mkupuo, anaondoa kivuli na majani yanayotengeneza udongo, na timbo linarudi kuwa mwamba. Afadhali apunguze miti kwa awamu, auze nguzo alipe karo, na kwenye nafasi zilizofunguka apande miti ya matunda pale tu mboji imeshikana vya kutosha.

Upande wa samaki unahitaji tahadhari. Mwamba wa matumbawe huvuja, hivyo bwawa lililo juu ya usawa wa maji ya ardhini sharti litandikwe plastiki nzito. Kona ya chini kabisa ya timbo ndiyo ya kutazamwa kwanza, lakini maji yake yapimwe chumvi kabla ya kununua vifaranga. Wala mvinje haufai kuhamishiwa kwenye shamba zuri la mahindi kwa sababu tu umefanya vyema timboni. Zulia la majani yake litayabana mazao.

Ila nafuu kubwa kuliko zote hupatikana kabla ya jembe la kwanza la mchimbaji. Udongo wa juu, hata ukiwa wa kina cha kiganja, ukikusanywa pembeni na kurudishwa baadaye, huokoa miaka mingi ya kungoja. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inadai tathmini ya athari kabla ya uchimbaji, lakini mwenye shamba asitegemee hiyo pekee. Mkataba wa kukodisha useme ni nani atakayeutunza udongo huo na kuurudisha, na sehemu ya malipo ya mchimbaji iwekwe dhamana hadi kazi hiyo ikamilike. Baada ya lori la mwisho, mchimbaji hapatikani hata kwa simu.

Kwa anayelenga mvua za masika, mbegu za mvinje ziingie kitaluni miezi kadhaa mapema, zikichanganyiwa udongo uliochotwa chini ya mivinje iliyokomaa ili miche ipate bakteria wake tangu utotoni.