Dema ndani ya damu

Msomaji wa Tanga ameniandikia. Mama yake mkubwa anatibiwa homa ya ini aina ya C, na tangu aanze dawa hapandi ngazi nne bila kukaa akahema. Damu imepungua, na nyumbani wanampa juisi ya rozela na bitiruti asubuhi, mchicha mchana. Hali ni ile ile. Kwa nini damu hairudi?

Habari za kirusi chenyewe naziruka. Zimebandikwa kwenye kuta za kila kliniki. Wagonjwa wengi siku hizi humeza sofosbuvir na dawa mwenzake kwa wiki 12, wakalalamikia kichwa na uchovu, basi. Ila ini likishachakaa sana, daktari huongeza ribavirin, dawa ya zamani iliyokuwa ikiandamana na sindano za interferon. Hiyo ndiyo inayomkalisha mama mkubwa ngazini.

Kwanza jina la taabu hizi zinazoletwa na dawa. "Madhara" linatisha mno, na "athari za pembeni" linanuka tafsiri. Kliniki za uzazi wa mpango zina "maudhi madogo madogo", neno tamu, lakini kuhema ngazini si kudogo. Nitasema "maudhi" tu.

Sasa dema, mtego wa samaki. Kwa mtu wa Tanga halihitaji maelezo: fito zimesukwa, ndani kuna mwani, tasi anaingia kwa mdomo unaokwenda ukisonga, kurudi hawezi. Chembe nyekundu ya damu ni dema la ribavirin. Dawa huingia bila taabu. Ikishaingia, vimeng'enya huipachika fosfeti: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa mzigo huo haipiti tena ukutani. Chembe nyingine za mwili zina vimeng'enya vya kuzibandua fosfeti, na tasi huachiwa akaenda zake. Chembe nyekundu ilikwisha kutupa kiini chake na zana nyingi ili ipate nafasi ya kubeba hemoglobini. Kupachika inajua, kubandua haijui. Basi dawa hujazana humo hadi mara 60 ya ilivyo kwenye majimaji ya damu.

Na fosfeti hizo zinatoka wapi? Kwenye akiba ya nishati ya chembe yenyewe! Ni kana kwamba tasi, akishanasa, anaanza kuzitafuna fito za dema. Ukuta wa chembe unadhoofika, na bandama, mvuvi asiyependa madema mabovu, anaiondoa kabla haijatimiza siku zake 120.

Ndiyo maana rozela haijasaidia. Chuma kinachotafutwa humo hakijapungua: chembe zikivunjwa, chuma chake hubaki mwilini, na ini gonjwa halihitaji nyongeza. Kinachosaidia ni kipimo cha hemoglobini, hasa wiki ya 2 na ya 4. Kwa asiye na ugonjwa wa moyo, ikishuka chini ya 10 (g/dL) daktari hupunguza ribavirin. Chini ya 8.5 huisimamisha. Mgonjwa asijipunguzie mwenyewe. Na mimba ni marufuku, kwa mke na kwa mume, hadi miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho.

Dawa ikiisha, kwa wengi hemoglobini hurudi ilipokuwa ndani ya wiki 4 hadi 8. Kwa sasa, mwekeeni mama mkubwa kiti pale ngazi zinapokata kona.