Kabla ya Kuinua Gari Lako la Fobaifo

Wakazi wengi wa Marsabit hutegemea magari ya fobaifo, yaani yale ambayo injini husukuma magurudumu yote manne, kufika North Horr, Loiyangalani na Illeret. Mawe ya njia hizo hugonga gari kwa chini, ndiyo maana baadhi ya wenye magari humwomba fundi aliinue. Kazi hiyo hugharimu fedha nyingi na inagusa usalama wa abiria. Makala haya yanaeleza mambo ya kuzingatia kabla ya kulipa.

Njia tatu za kuinua gari

Ya kwanza ni kuweka springi ndefu zaidi pamoja na shoki zinazolingana nazo. Chasisi na bodi huinuka pamoja.

Ya pili ni kuweka vipande vya kuinulia kati ya bodi na chasisi. Hupatikana nafasi ya tairi kubwa, lakini chasisi yenyewe hubaki pale pale ilipokuwa.

Ya tatu ni tairi kubwa. Difu ya ekseli nzima, kama ile ya nyuma ya Hilux, huinuliwa na tairi pekee. Tairi iliyozidi ya awali kwa kipenyo cha milimita 50 huinua difu milimita 25 tu. Kwa hivyo, ikiwa kinachogonga mawe ni difu, springi mpya hazitakusaidia.

Anza na mzigo

Gari likiwa limelala nyuma, huenda springi zimechoka. Kuzibadilisha kunaweza kurudisha kimo cha awali bila gharama nyingine.

Ukinunua springi, mweleze muuzaji uzito unaobebwa kila siku. Springi ngumu kwenye gari tupu hulifanya lirukeruke, na tairi zikipoteza mshiko breki hazishiki vyema. Springi laini zikibebeshwa mitungi ya maji, mbuzi na abiria hulala tena.

Usizidishe kimo

Kwa matumizi ya kawaida, milimita 40 hadi 50 zinatosha. Ukizidisha, matatizo huongezeka:

• Paipu za breki zinaweza kuvutika na kukatika gurudumu linaposhuka shimoni.
• Kwa gari lenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser 79, pembe ya usukani hubadilika na gari huanza kuyumba kwenye mwendo wa kasi.
• Kwa Hilux, shafti za mbele hukaa kwa pembe kali. Buti za mpira hupasuka, vumbi huingia na viungo huharibika.
• Taa za mbele huwamulika macho madereva wanaokuja.
• Tairi zikiwa kubwa, mita ya kasi huonyesha mwendo ulio chini ya ule halisi.

Gari lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi, hasa likiwa na mizigo kwenye keria au watu waliosimama nyuma. Kwenye lami ya Isiolo–Moyale, ambako mwendo ni wa kasi, kona moja ya ghafla inatosha.

Kimo si daraja

Laga ikijaa, usidanganyike na springi mpya. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kusomba magari mengi, pikapu zikiwemo. Desemba 2021, basi lilizama katika mto Enziu, kaunti ya Kitui, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Basi ni refu na zito kuliko fobaifo yoyote iliyoinuliwa. Subiri maji yapungue.

Sheria na bima

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka kila gari barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu. Kabla ya kazi kuanza, uliza NTSA kuhusu mabadiliko unayokusudia na uiarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi.

Maswali ya kumuuliza fundi

1. Springi hizi ni za uzito gani?
2. Je, shoki zinalingana nazo kwa urefu?
3. Paipu za breki zitafika gurudumu likining'inia?
4. Je, utapima alaimenti na kurekebisha taa baada ya kazi?

Fundi asipokuwa na majibu, tafuta mwingine. Baada ya kufungiwa vifaa, endesha polepole kwa siku chache za kwanza, kisha rudi nati zote zikazwe upya kabla ya kubeba abiria.