Hadithi za Kikristo za Urafiki: Kweli au Si Kweli?

Tunapowachagulia vitabu watoto wa miaka 10 hadi 14, zipo dhana tunazorithishana bila kuzipima. Hizi hapa nne.

1. Hadithi safi haina ubaya ndani yake.
Si kweli. Mwaka 1950 Patricia St. John alitoa *Treasures of the Snow*, hadithi ya kijiji cha milimani Uswisi. Lucien anamchokoza Dani mdogo kwa kumning'iniza paka wake juu ya korongo. Dani anaporomoka na kuumia vibaya mguu. Dada yake, Annette, aliyelelewa na bibi mcha Mungu, anaweka kinyongo. Siku moja anakivunja kwa siri kifarasi cha mti ambacho Lucien amekichonga kwa ajili ya mashindano ya shule. Mtoto wa nyumba ya sala naye ametenda uovu, na mwandishi hamfichi.

2. Ukishatubu, mambo yamekwisha.
Si kweli. Annette hana budi kumkabili Lucien na kukiri alichofanya. Lucien naye anavuka mlima usiku wa dhoruba ya theluji kumfuata daktari wa kumtibu Dani. Toba yao ina miguu na mikono. Katika *The Lion, the Witch and the Wardrobe*, hadithi ya Narnia ya C. S. Lewis, Edmund anayewasaliti ndugu zake anasamehewa, lakini simba Aslan anaulipa usaliti huo kwa uhai wake.

3. C. S. Lewis alianza na somo la dini, kisha akatafuta hadithi ya kulibeba.
Si kweli. Mwenyewe alieleza kwamba yote yalianza na picha iliyomjia akiwa na miaka kama 16: kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, ameshika mwavuli na vifurushi katika msitu wa theluji. Mafundisho yalikuja baadaye.

4. Marafiki wa imani moja wanaweza kutofautiana vikali.
Kweli. J. R. R. Tolkien, mwandishi aliyekuwa rafiki wa Lewis, alichangia sana Lewis kumwamini Kristo mwaka 1931, lakini hadithi za Narnia hakuzipenda. Lewis, kwa upande wake, hakuchoka kumhimiza Tolkien amalize kitabu chake *The Lord of the Rings*.

Mzazi, mwalimu: usimnyime mtoto kitabu kwa sababu marafiki wamekosana ndani yake. Kisome naye, kisha muulize: wewe ungeanzaje kuomba msamaha?