Siku za Mbalamwezi, Siku za Kujihesabu

Hapa Kibirizi, mwalo wa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, kalenda yetu ni mwezi. Giza likitanda, mitumbwi inatoka na taa, dagaa wanaifuata nuru, wavu unanyanyuliwa, na alfajiri ufukweni hapapitiki. Mwezi ukishakomaa, taa hazifui dafu mbele yake. Dagaa hawakusanyiki tena, wavuvi wanavuta vyombo nchi kavu na kushona nyavu, na sisi akina mama tunaoanika tunapata siku kadhaa za kupumua.

Siku hizo ndizo za hesabu. Mwenye chombo anatoa mafuta, anatoa chakula cha wavuvi, kinachobaki kinagawanywa. Mwanikaji naye anafungua daftari: amenunua karai ngapi, magunia mangapi yamepanda treni, nani anamdai, yeye anamdai nani. Sijamwona mtu aliyedumu katika biashara ya dagaa bila daftari, hata kama daftari lenyewe liko kichwani. Nami ninaamini kwamba mtu anayejua kuhesabu karai kwa makini hivyo anaweza kuhesabu na saa za maisha yake, na kwamba sisi wa Kibirizi tunalihitaji jambo hilo kuliko tunavyokubali.

Tazama siku ya mwanikaji wakati wa giza. Saa kumi na moja alfajiri yuko majini hadi magotini akigombea bei. Mzigo ukipatikana unatandazwa kwenye chanja, na jua likipanda dagaa wanageuzwa ili wasishikane. Kuanzia hapo huwezi kuondoka. Kuna kunguru, kuna kuku, kuna mawingu. Mvua moja ya masika ikiwakuta dagaa bado wabichi, rangi inabadilika na bei inaanguka siku hiyo hiyo. Jioni unaanua, unachambua, unafunga, halafu simu za wateja zinaanza. Mtoto amerudi shule na kulala, na wewe umemwona kwa mbali tu, akipita na daftari mkononi.

Kujihesabu si jambo geni kwetu. Wazee wa Ujiji waliosoma kwa masheikh wanaijua muhasaba, mtu kukaa na nafsi yake usiku na kuiuliza imefanya nini mchana. Al-Harith, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufariki mwaka 857, aliifundisha kwa bidii hata watu wakamwita al-Muhasibi, na baadaye Imamu Ghazali akaiandikia kitabu kizima ndani ya kazi yake kubwa. Kwa upande wa Wakristo, wamisionari waitwao Mababa Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, na waumini Wakatoliki wanaujua uchunguzi wa dhamiri. Ignatius wa Loyola, aliyeupanga utaratibu wake unaojulikana zaidi, aliagiza uanze kwa shukrani kabla ya kutafuta kosa. Napenda sana mpango huo. Mtu akianza na lawama hafiki mbali.

Wanasaikolojia nao wamelipima jambo hili kwa njia zao. Mwaka 1986, huko Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike kwa dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida tu, wengine machungu yaliyowahi kuwapata pamoja na hisia zao. Miezi iliyofuata, walioandika machungu na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Lakini mtafiti mwingine, Susan Nolen-Hoeksema, alionyesha kwa miaka mingi kwamba kuna kuwaza kunakoumiza: mtu anarudia swali lile lile la kwa nini mimi, kwa nini haya, bila kufikia hatua yoyote, na huzuni inazidi. Kwa hiyo kujitafakari kuna namna yake. Kunahitaji muda maalumu, maswali yanayojibika, na mwisho.

Sisi waanikaji kadhaa tunajihesabu kwa kundi, siku za mbalamwezi. Katika kundi letu wapo mama wasioandika, kwa hiyo tunatumia maharage. Unachukua punje 24, kila moja ni saa ya siku, unazimwaga kwenye ungo. Mbele yako unapanga visahani: kazi, usingizi, watoto na mume, ibada, jamaa na majirani, na cha mwisho ni cha mwili wako mwenyewe, yaani kuoga bila haraka, kusukwa, kukaa tu. Kisha unagawa punje kama siku yako ya jana ilivyokuwa kweli. Ukisema ulilala kwa saa nane na wote wanajua ulikuwa ufukweni kabla ya adhana, watacheka nawe utarudisha punje.

Dada mmoja ninayepakana naye chanja aligawa zake polepole. Kazi ilipata 16. Usingizi ukapata 5. Akabaki na 3 kiganjani, akazitazama, akaweka 2 kwa watoto na 1 kwa jamaa, kwa sababu alikuwa amepita msibani. Kisahani cha ibada kikabaki kitupu, na cha mwili wake pia. Hakuna aliyemwambia neno. Akasema mwenyewe, "Kumbe sipo." Tulikaa kimya kidogo, maana wengi wetu visahani vyetu vilifanana na vyake.

Baada ya hapo tunauliza maswali matatu, kila mtu anajibu kwa sauti. Saa ipi ya jana ungependa irudi? Saa ipi imekukausha bila faida? Kesho utahamisha punje ipi, moja tu? Tunasisitiza moja, kwa kuwa mtu akitaka kuhamisha sita kwa mkupuo harudi hata na moja. Yule dada aligundua kwamba yeye na mwenzake walikuwa wakipokea mzigo alfajiri wote wawili, kila siku, ilhali mmoja angetosha. Wakapangiana zamu. Asubuhi isiyo zamu yake anawapa watoto uji mwenyewe kabla hawajatoka. Mapato hayakupungua.

Kuna zoezi lingine gumu zaidi, nalo ni kumuuliza mtu wa nyumbani. Mimi nilimuuliza binti yangu wa darasa la nne ananipata lini. Akafikiri, akasema, "Mwezi ukiwa mkubwa." Jibu hilo lilinifanya niweke sheria kwamba baada ya chakula cha usiku simu ya wateja inazimwa, iwe siku za giza, iwe siku za mbalamwezi. Walionizoea hupiga mapema zaidi.

Lakini tusidanganyane. Kujitafakari hakupandishi bei ya dagaa wala hakulipi ada. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, Serikali ilisimamisha uvuvi upande wetu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kisahani cha kazi kikawa kitupu ghafla. Wenye mashamba ya michikichi walihamia kwenye mawese, wenye mtaji kidogo wakageukia biashara nyingine, na wengine walikaa nyumbani wakiwa na saa tele na ugomvi tele. Ndipo nilipoona kwamba mizani ya maisha si kupumzika zaidi tu. Mtu ambaye kazi yake yote, rafiki zake wote na heshima yake yote viko ufukweni, ziwa likifungwa anabaki bila pa kushika. Ule ungo wa maharage unafaa uonyeshe na hilo: kipi kitabaki visahani vyako vikipoteza kimoja?

Na yupo ambaye maharage hayamtoshi. Mama ambaye usingizi umemkimbia kwa wiki nyingi, hali chakula, haoni faida ya kuamka, huyo asiachwe na maswali matatu. Asindikizwe zahanati, na ikibidi afike hospitali ya mkoa pale Maweni, kama tunavyomsindikiza mwenye malaria.

Nina ombi kwa viongozi wa vikoba, hapa Kibirizi na popote mlipo. Mnapokutana kuhesabu hisa na marejesho, sanduku likishafungwa, ongezeni nusu saa ya kuhesabu na saa za wanachama. Gharama yake ni kibaba cha maharage, na yakimaliza kazi yanapikwa. Anzeni na mwezi huu, wakati mitumbwi iko nchi kavu na watu wote wapo.