Mvua Ile Ile, Udongo Mkavu Zaidi

Mwulize mtu yeyote wa makamo mjini Kigali kuhusu hali ya hewa, awe mwuza nyanya wa Kimironko au dereva wa basi pale Nyabugogo, na jibu litakuwa karibu moja: misimu imevurugika. Umuhindo, yaani mvua za Septemba hadi Desemba, hauji tena kwa wakati wake. Itumba, mvua za Machi hadi Mei, likija linakuja na maafa. Jua la siku hizi linachoma kuliko la zamani, na mvua, wanasema, imepungua. Maneno hayo hayo utayasikia Bukoba, Mbarara na Machakos. Ripoti ya Afrobarometer ya 2019, iliyohusu nchi 34 za Afrika, ilikuta Waganda 85 katika kila 100 wakisema hali ya hewa kwa upande wa kilimo imeharibika katika miaka kumi iliyotangulia. Rwanda haikuwemo, lakini sioni sababu ya kudhani kwamba upande huu wa mpaka wa Gatuna watu wanaona tofauti.

Utata unaanza wataalamu wanapofungua daftari za vipimo. Utafiti uliochapishwa 2011 kuhusu wakulima wa kusini magharibi mwa Uganda, mwendo mfupi tu kutoka kwetu, ulilinganisha kauli zao na rekodi za vituo vya hali ya hewa. Kuhusu joto, wakulima walikuwa sahihi: limepanda, na rekodi zinaonyesha hivyo bila shaka. Kuhusu mvua, rekodi hazikuwaunga mkono. Kiasi kilikuwa kikipanda na kushuka mwaka hadi mwaka kama kilivyozoea, bila mwelekeo wa wazi wa kupungua. Tafiti za Kenya zilizofanywa miaka ile ile zilikutana na jambo hilo hilo. Hapo ndipo baadhi ya wenzetu wa maofisini hutoa hukumu ya haraka kwamba mkulima anakumbuka vibaya, kwamba kila mzee huona ujana wake ulikuwa na mvua nzuri zaidi. Naona hukumu hiyo ni ya uvivu. Mkulima na kituo cha hali ya hewa hawapimi kitu kimoja, na ukishaelewa tofauti ya vipimo vyao, kauli ya "mvua imepungua" inageuka kuwa ushahidi wa maana kuhusu tabianchi, ingawa si ushahidi wa kile inachokitaja.

Kipimamvua ni chombo cha kawaida sana: silinda iliyosimamishwa mahali pa wazi, faneli juu, chupa ndani, na mtu anayekuja kila asubuhi kumimina maji katika bilauri yenye alama za milimita na kuandika namba. Chombo hiki kinajua maji yaliyoshuka tu. Hakijui kama yalishuka kwa dakika arobaini au kwa siku nne, wala hakijui ni kiasi gani kilirudi angani kabla ya mzizi wa mhindi kukifikia. Mkulima yeye anapima kwa jembe. Anachimba inchi chache, anaona udongo umeshikana au unatoka vumbi, na hicho ndicho anachokiita mvua. Sasa tazama joto. Mkakati wa serikali ya Rwanda wa maendeleo ya kijani wa 2011 unasema joto la nchi limepanda kwa nyuzi 1.4 tangu 1970, zaidi ya wastani wa dunia. Kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7. Piga hesabu na utaona kwamba hewa ya leo juu ya shamba la Bugesera ina kiu kwa karibu asilimia 10 kuliko ile iliyokuwa juu ya shamba hilo hilo mwaka 1970. Mvua ya milimita 800 kwa mwaka inaweza kubaki milimita 800 katika daftari, na bado udongo ukawa mkavu kuliko zamani. Wote wawili, mwenye jembe na mwenye bilauri, wanasema kweli.

Ushahidi mzito zaidi wa jambo hili umetoka Pembe ya Afrika. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano mfululizo ya mvua iliharibika katika Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, ulichunguzwa na kundi la wanasayansi linalojulikana kama World Weather Attribution. Matokeo yao ya Aprili 2023 yalisema kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliuongezea ukame ule uwezekano wa kutokea kwa angalau mara 100. Sababu kubwa waliyoitaja ilikuwa joto linalokausha udongo na mimea: upungufu ule ule wa mvua, katika dunia yenye ubaridi wa nyuzi 1.2 zaidi, usingefikia kiwango cha kuitwa ukame. Wafugaji wa huko hawakuhitaji kungoja ripoti ili wajue kwamba mvua haba ya sasa inaua mifugo ambayo mvua haba ya zamani ingeiacha hai.

Kuna pia suala la mpangilio, ambalo jumla ya mwaka haiwezi kulionyesha. Maharage yanayopandwa mwishoni mwa Septemba hayana habari na milimita za msimu mzima. Mbegu inaingia ardhini baada ya mvua ya kwanza, inanyonya maji, inavimba, inachipua. Mvua ikikatika kwa siku kumi na jua likawa kali, chipukizi linakauka na mbegu imepotea, maana haiwezi kurudi kuwa mbegu kavu ikangoja. Oktoba ikija na mvua kubwa, kipimamvua kitafidia upungufu na msimu utaandikwa "wa kawaida". Mkulima atakuwa amenunua mbegu mara mbili, au amepanda mara ya pili akiwa amechelewa, na maharage yake yatakuwa yanatoa maua wakati ambao angetaka yawe yanakomaa. Akisema Umuhindo umeharibika, hakuna jumla ya milimita inayoweza kumkanusha.

Wapo wanaopinga kwa kurejea historia, na hoja yao inastahili jibu. Rwanda iliijua njaa kabla ya viwanda kuchafua anga kwa kiwango cha leo: Rwakayihura ya 1928 na 1929, Ruzagayura ya 1943 na 1944, njaa ambazo wazee wamezipa majina yake kama watu wanavyowapa watoto. Mvua za 1961 nazo zilikuwa kubwa kiasi kwamba kufikia 1964 Ziwa Viktoria lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Basi jipya ni lipi? Hoja hii ni sahihi katika nusu yake ya kwanza. Mvua ya Afrika Mashariki hupanda na kushuka sana kwa asili yake, kwa kuwa inatawaliwa na joto la bahari: El Niño katika Pasifiki, na hasa tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi, ambayo ndiyo iliyoleta mafuriko ya 1961 na tena mvua nzito za mwisho wa 2019. Lakini kuwepo kwa mabadiliko ya asili hakuzuii kuwepo kwa mengine juu yake. Bahari zilizokuwa zikituletea mwaka mzuri na mwaka mbaya bado zinafanya hivyo, ila sasa kila mwaka, mzuri na mbaya, unaanzia kwenye joto la juu zaidi. Tena njaa za zamani zilichangiwa na vita, kodi na amri za ukoloni, kwa hiyo idadi ya njaa si kipimo kizuri cha mvua kwa upande wowote wa ubishi huu.

Hadi hapa nimeitetea kauli ya mtaani. Inapokosea ni pale inapotaja chanzo. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua kubwa katika Mkoa wa Magharibi na wa Kaskazini ilisababisha mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliyoua watu zaidi ya 130, na mto Sebeya ukazifunika nyumba za Rubavu. Siku chache baadaye, ng'ambo ya Ziwa Kivu, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika eneo la Kalehe vilipoteza mamia ya watu. Redioni na vibarazani chanzo kilitajwa mara moja: mabadiliko ya tabianchi. Wanasayansi wale wale waliouchunguza ukame wa Pembe ya Afrika walijaribu kulipima hili pia, na Juni 2023 walisema wazi kwamba hawakuweza. Data hazitoshi. Nchi yenye milima na mabonde yanayobadilika kila kilomita chache inahitaji vituo vingi, na mtandao wa vipimo wa Rwanda uliokuwepo kabla ya 1994 ulisambaratika pamoja na kila kitu kingine katika mauaji ya kimbari. Kwa takriban miaka 15 sehemu kubwa ya nchi haikuwa na mtu wa kuandika namba asubuhi. Meteo Rwanda imeziba pengo hilo kwa kuchanganya picha za setilaiti na vipimo vya vituo vilivyobaki, kazi nzuri sana, lakini setilaiti haioni vizuri mvua ya usiku mmoja juu ya mteremko mmoja.

Kutaja chanzo bila ushahidi kuna gharama yake, na inalipwa na wale wale waliofikwa na maafa. Msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta kama 28,000 katika miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kama 600. Mteremko uliokuwa ukishikwa na mizizi ukawa malisho na mashamba ya viazi, na bonde la Sebeya liko chini yake. Kigali nayo ilikuwa na watu milioni 1.13 katika sensa ya 2012 na milioni 1.75 katika ile ya 2022. Kila paa jipya la bati na kila ua lililosakafiwa kwa saruji vinaharakisha maji kuelekea korongo la Mpazi na bonde la Nyabugogo, hata kama mvua haikuongezeka kwa tone moja. Saruji hiyo hiyo huhifadhi joto la mchana, kwa hiyo sehemu ya jua kali analolilalamikia mkazi wa jiji imetengenezwa na jiji lenyewe. Ofisa anayesema mafuriko ni ya tabianchi amejipa ruhusa ya kutoulizwa kuhusu mfereji. Wanaokwenda upande wa pili na kusema ni sisi tu, tumekata miti na mvua ikatukimbia, nao wanapita mpaka. Msitu hutunza unyevu wa eneo lake na hushika udongo, lakini sehemu kubwa ya mvuke wetu hutoka mbali, baharini na katika msitu wa Kongo, na hakuna idadi ya miti iliyokatwa Gishwati inayoweza kuipasha joto Bahari ya Hindi.

Lawama nyingine ya kila siku inawaangukia watabiri: wanasema mvua, hainyeshi. Sehemu yake inatokana na ramani. Programu ya simu huigawa dunia katika miraba, mingi ikiwa na upana wa kilomita kumi au zaidi, na mraba mmoja unaweza kuimeza Nyamirambo na Kimironko pamoja, mahali ambapo kila mtu wa Kigali anajua kwamba mmoja huanua nguo na mwenzake akaendelea kuota jua. Sehemu kubwa zaidi inatokana na lugha ya utabiri wa msimu. Mikutano ya kanda inayoitishwa na kituo cha IGAD cha tabianchi, ICPAC, hutoa uwezekano wa mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Ukisema juu ya wastani ni asilimia 50, msikilizaji anasikia "mvua kubwa inakuja", au, ikiwa amechoka, hasikii chochote. Oktoba 2023 huko Kenya, baada ya wiki za tahadhari ya El Niño, Rais Ruto aliwatuliza wananchi kwamba mvua hazingefikia kiwango cha maafa. Wiki chache baadaye mafuriko yaliua zaidi ya watu 100. Siwezi kumlaumu mwananchi kwa kuuchukulia utabiri kama maoni ya mtu, ikiwa hata viongozi huutumia hivyo. Na hata utabiri wa jumla ukitimia barabara, haumjibu mwenye maharage, ambaye swali lake ni moja: baada ya mvua ya kwanza, je, kuna uwezekano gani wa siku kumi kavu?

Suala la nani anapima nini limeshaanza kugusa mifuko. Nchini Kenya, mwaka 2009 ilianzishwa Kilimo Salama, bima iliyomlipa mkulima kwa kutazama vipimo vya kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, bila mkaguzi kufika shambani. Gharama zilishuka, na wazo likasambaa katika kanda. Rwanda ilizindua mpango wake wa taifa wa bima ya kilimo na mifugo mwaka 2019, serikali ikibeba asilimia 40 ya ada. Mkataba wowote unaohesabu milimita pekee una kasoro ile ile tuliyoiona katika daftari: msimu unaweza kutimiza jumla yake, kituo kikaandika "wa kawaida", na mahindi yakakauka kwa joto yakiwa yanatoa mbelewele. Kampuni itamwonyesha mkulima namba, naye ataionyesha udongo. Baadhi ya bima sasa hupima mavuno ya eneo zima, au hutumia setilaiti kutazama ukijani wa mimea na unyevu wa ardhi, na huko ndiko mikataba ya Rwanda inapaswa kuelekea, hata kama ada itapanda kidogo. Mikataba ya Umuhindo huandikwa kabla ya Septemba.