Palahala wa Shimba

Jumamosi moja tulivuka feri ya Likoni mapema, tukiwa na watoto saba wa jamaa zetu, tukaelekea Kwale. Wengi wetu hudhani kwamba wanyama ni wa Maasai Mara, ilhali milima ya Shimba i karibu nasi, nayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968.

Kutoka Elephant Hill mtu huruhusiwa kwenda kwa miguu, kiasi cha kilomita mbili, hadi maporomoko ya Sheldrick, akifuatana na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Watoto walivaa viatu madhubuti. Aliyekuja na makubadhi ni sisi tuliowaonya.

Huko juu msitu hukoma ghafla, ukafunguka uwanda wa nyasi. Hapo ndipo tulipomwona palahala: dume jeusi, tumbo jeupe, pembe zimepinda kwa nyuma kama majambia. Majike ni wa rangi ya hudhurungi. Katika Kenya nzima, hapa ndipo makao yake ya mwisho porini. Askari alitueleza kuwa nyasi zisipochomwa kwa mpango, vichaka huzivamia, na palahala akakosa malisho.

Hatua chache mbele, kijana wetu wa miaka tisa alisimama. Ndani ya nyasi alilala ndama, peke yake, kimya. Kijana akafungua chupa yake ya maji. Askari akamshika bega.

"Si yatima huyo. Mamake amemficha, ameenda kula na wenzake. Atarudi kumnyonyesha."

"Na asiporudi?"

Askari hakujibu upesi. Alisema tu kwamba usalama wa ndama ni kutulia asionekane, na kwamba sisi tukizidi kusimama pale tutamfichulia chui. Tukaondoka. Maporomoko ni mazuri, maji ni baridi, wenzake waliogelea; yeye aliketi juu ya jiwe na chupa yake imejaa.

Wakati wa kurudi askari alikataa kupita njia ile. Tulipofika kileleni alimpa kijana darubini. Jike mmoja alikuwa amejitenga na kundi, kichwa kimeinama nyasini, karibu na pale pale. Sisi tulipoangalia hatukuona ndama. Kijana alisema amemwona, ananyonya. Hatukubishana naye.