Riwaya za Majasusi si Bunduki Tu

Wengi wetu hudhani riwaya za majasusi ni risasi na mbio za magari, basi. Hata mimi nilidhani hivyo hadi niliposoma The Bourne Identity, aliyoiandika Mmarekani Robert Ludlum mwaka 1980.

Wavuvi wanamwokota mtu katika bahari ya Mediterania. Ana majeraha ya risasi, na hakumbuki hata jina lake! Daktari anamtoa kiunoni, chini ya ngozi, filamu ndogo yenye nambari ya akaunti ya benki mjini Zürich. Kumbe alitumwa na kundi la siri liitwalo Treadstone, ambalo sasa linamshuku kuwa msaliti.

Mara ya kwanza nilirukaruka kurasa nikitafuta mapigano, nikapotea kabisa. Mara ya pili nilijiuliza: huyu anaogopa nini? Anaogopa kugundua kwamba yeye ni muuaji. Hapo kila risasi ikawa na maana.

Baba alitaka kukichoma kitabu hicho, ati kinaniharibia masomo. Nikamsimulia mwanzo wake. Akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa huyo kijana alijijua mwishowe?"

Sikumwambia. Nanyi pia siwaambii. Kisomeni!